Tuwe na Meli Zetu, au Tuzibane Zinazotuhudumia?

Nauli ya kontena ikipanda, hoja huwa ni ile ile: Afrika Mashariki ianzishe kampuni yake ya meli. Ilisikika 2021 wakati wa Korona, ikasikika tena mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Wahouthi, waasi wa Yemen, katika Bahari ya Shamu yalipozilazimisha kampuni kubwa kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema na tozo mpya zikaanza kumiminika.

Siidharau hoja hiyo. Shehena ya Mombasa na Dar es Salaam karibu yote hubebwa na meli za wageni, na nauli hulipwa kwa dola. Ethiopia haina bandari tangu Eritrea ijitenge mwaka 1993, lakini bado ina meli zenye bendera yake zinazoshusha mizigo Djibouti.

Lakini sisi tulishajaribu. Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia zilikuwa na shirika la pamoja la meli, lililoanzishwa 1966, likafa 1980. Leo mtaji unaotakiwa unatisha zaidi, maana meli moja kubwa ya njia ya Asia na Ulaya hubeba zaidi ya makontena 20,000 ya futi 20. Hanjin ya Korea Kusini ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa duniani, na bado ilifilisika 2016. Meli zake zilielea nje ya bandari zikiwa na mizigo ya watu, kwa kuwa bandari ziliogopa kutolipwa. Hata hiyo Ethiopia, kwa miaka mingi shirika lake lilishika ukiritimba, na waagizaji hawakuwa na pa kukimbilia huduma ikidorora.

Mimi naona mwagizaji wetu anaumia zaidi nchi kavu. Mzigo umefika, jina kwenye hati ya shehena limekosewa herufi moja, mfumo wa forodha haupatikani, siku za bure za kukaa na kontena zinakwisha. Demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena, inaanza kuhesabiwa, na kiwango cha kila siku kinapanda kadiri kontena linavyokaa. Akirudisha kontena tupu yadi, anaambiwa lina mbonyeo, amana yake inakatwa, na hakuna picha ya kuonyesha lilikuwaje alipolichukua. Meli yenye bendera yetu haitaondoa hayo.

Kampuni za meli nazo zina haki yao. Kontena ni mali yao, na kwa kuwa tunaagiza kuliko tunavyouza nje, mengi hurudi matupu kwa gharama yao. Bila demareji, wengine wangeyageuza maghala.

Ila haki ya kudai tozo siyo ruhusa ya kudai ovyo. Marekani ilipitisha sheria 2022: bili ya demareji isiyo na maelezo yanayotakiwa, mteja hana wajibu wa kuilipa, na kampuni ya meli ndiyo inayopaswa kuthibitisha kuwa tozo ni ya haki. TASAC, shirika la uwakala wa meli la Tanzania, na mamlaka ya bahari ya Kenya zisimamie kanuni kama hiyo, na siku ambazo mfumo wa serikali umezimika zisihesabiwe kabisa kwa mwagizaji.