Vibao vya Madonna kwenye santuri: sauti, pesa na sindano

Miongoni mwa albamu za vibao zilizochapwa upya kwenye santuri miaka ya karibuni imo The Immaculate Collection ya Madonna, iliyotoka mara ya kwanza Novemba 1990. Ni santuri mbili, nyimbo 17, na ubishi ule ule kila inapotajwa. Wako wanaoshangilia, na wako wanaouliza kwa nini mtu atoe hela kununua nyimbo ambazo tayari zimo kwenye simu yake. Kila upande una hoja, ila zinazopigiwa kelele zaidi ndizo nyepesi.

Nianze na wapinzani, maana hoja yao ya kwanza haina ubishi. Kwa kampuni ya muziki hakuna kazi rahisi kama albamu ya vibao: nyimbo zilisharekodiwa, gharama za studio zilisharudi, wateja wanajulikana. Mwaka 2022 Marekani iliuza santuri zipatazo milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kuipita CD kwa idadi tangu 1987. Mwenye ghala la kanda za zamani atalalaje usingizi hapo? Luminate, kampuni inayofuatilia mauzo ya muziki, ilikuta pia kwamba nusu tu ya wanunuzi wa santuri nchini humo wana mashine ya kuzipigia. Wengine, basi, wananunua jalada. Mtu na pesa yake, sina neno. Ila tusidanganyane kwamba kila anayenunua amefuata ubora wa sauti.

Hoja yao ya pili ni kwamba matoleo haya ya wakubwa huwasukuma nje wasanii wadogo. Ilikuwa na uzito sana miaka michache iliyopita. Februari 2020 moto uliteketeza kiwanda cha Apollo Masters huko California, kimoja kati ya viwili tu duniani vilivyokuwa vikitengeneza diski za laka zinazotumika kuchonga santuri, na mwaka uliofuata foleni viwandani ilihesabiwa kwa miezi. Tangu hapo mashine mpya zimesimikwa na foleni imepungua. Leo hoja hii imepoteza makali.

Kwenye sauti ndiko kwenye mambo, na huko pande zote mbili huteleza.

Wanaoitetea santuri husema watasikia nyimbo hizi kama zilivyokuwa. Si kweli kwa albamu hii. Nyimbo za zamani zilizoingia humu hazikuchukuliwa zilivyo: prodyuza Shep Pettibone na wenzake walizichanganya upya, na baadhi wakazikata. “Holiday” ya albamu ya 1983 ina zaidi ya dakika 6. Hapa ina kama dakika 4. “Lucky Star” imepungua karibu dakika 2. Juu ya hayo ikatumika QSound, mbinu iliyokuwa mpya kabisa wakati huo, inayochezea tofauti kati ya spika ya kushoto na ya kulia ili sauti ionekane kutokea mahali ambapo spika haipo.

Sasa tazama sindano inavyofanya kazi. Santuri ya stirio ina mfereji mmoja tu. Kile ambacho spika mbili zinasema kwa pamoja huisogeza sindano kushoto na kulia. Kile zinachotofautiana huipandisha na kuishusha. Besi nzito ikitofautiana mno kati ya pande mbili, sindano inaweza kuruka nje ya mfereji, ndiyo maana mchongaji huivuta besi katikati kabla ya kuchonga. QSound inaishi humo humo kwenye tofauti. Kwa maneno mengine, chombo kinachosifiwa kwa uaminifu wake ndicho kinachopata taabu zaidi na miksi hii. Kwa masikio yangu, nyumbani kwa albamu hii ni CD, na sioni aibu kusema hivyo ingawa napenda santuri.

Hapo wapinzani wasishangilie mapema. Ilitoka kwenye santuri tangu 1990, kwa hiyo hakuna kilichopotoshwa, na waliopanga ukubwa wake walijua wanachofanya. Albamu ina dakika 73 hivi. Ukizigawa kwa pande nne unapata kama dakika 18 kwa upande, kipimo ambacho santuri ya inchi 12 hukimudu bila mifereji kubanana na sauti kupunguzwa. Tatizo linalobaki ni la maumbile: kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika, sindano ikiwa ukingoni husafiri takriban sentimita 50 kwa sekunde, na karibu na lebo hazifiki 22. Herufi “s” za mwimbaji huanza kukwaruza huko ndani. Katika albamu ya kawaida prodyuza huweza kufungia upande kwa wimbo mpole. Hapa mpangilio unafuata miaka ya vibao, na wimbo unaoangukia ndani hauna wa kuutetea.

Kuna pia ule msemo wa “joto” la sauti ya analojia. Mwaka 2022 ilibainika kwamba Mobile Fidelity, kampuni inayouza santuri ghali kwa wapenzi wa sauti safi, kwa miaka mingi ilikuwa ikipitisha kazi zake kadhaa kwenye hatua ya dijitali. Mwenye duka mmoja la santuri huko Phoenix ndiye aliyelitoa hadharani. Wenye masikio makali walikuwa wamezisifu muda wote huo.

Mimi ningewashauri watetezi waache joto na washike hoja nyingine: uchaguzi. Ukimwambia mtu anunue albamu za awali, “Crazy for You” hataipata kwenye albamu yoyote ya studio ya Madonna ya miaka ile, kwani ilitoka na filamu mwaka 1985. “Justify My Love” na “Rescue Me” zilizaliwa humu humu. Na kuna zilizotupwa: “Who's That Girl” ilishika namba moja Marekani mwaka 1987, lakini haimo; “True Blue” nayo haimo. Kuna mtu aliketi akaamua. Simu haiamui, inakurundikia vyote, nawe unaruka unapotaka. Santuri inakufanya usikilize huo uamuzi kwa zamu, maana kuinuka kuhamisha sindano ni usumbufu.

Kwa hiyo toleo jipya lina haki ya kuwapo, kwa sharti moja ambalo kampuni nyingi hulikwepa: jalada liseme santuri imechongwa kutoka kanda gani na nani amechonga. Toleo likiwa limetoka kwenye masta (rekodi ya mwisho ambayo nakala hutolewa) ile ile ya CD bila kuguswa, ni CD iliyovaa koti zito. Wachongaji wengi huacha herufi za majina yao kwenye duara tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Ukiinamisha santuri kwenye mwanga zinasomeka. Jalada likinyamaza na duara likiwa halina kitu, nitaliacha hapo dukani nikatafute nakala iliyotumika ya 1990.