Gurudumu la Ate na makopo ya bafuni

Jamani Wafilipino na gemu za tivii, acheni tu. Nilikuwa nafanya kazi dobi la hoteli moja Doha, tunatoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, na saa moja ya Doha ni saa sita mchana Manila, yaani ndo vipindi vyao vya mchana vinaanza, basi kulala hakuna! Kuna Eat Bulaga! ambayo ipo hewani tangu 1979, kuna It's Showtime, na kiongozi wa chumba, dada mtu mzima tunayemwita Ate, bado anamlilia Willie Revillame, mtangazaji wa gemu ya Wowowee ile ya 2005 hadi 2010. Huyo ndo aliyenihadithia kwamba 2008 Wheel of Fortune ya kwao, ile gemu ya kuzungusha gurudumu na kubahatisha herufi, ilitangazwa na Kris Aquino, mtoto wa rais wa zamani Corazon Aquino. Hebu fikiria mtoto wa rais anakuuliza unataka herufi gani.

Sasa hawa watu Krismasi yao inaanza Septemba. Pati ilikuwa Desemba ila Septemba hiyohiyo Ate kashaamua lazima tuwe na gurudumu, na Kuya (yaani kaka mkubwa, kama Ate ni dada mkubwa) wa matengenezo akalitengeneza: plaiwudi ya meza iliyovunjika, beringi ya mashine ya kufulia iliyokufa, misumari kuzunguka ukingo, na ulimi wa kugonga misumari ni kipande cha kandambili. Zawadi kubwa raisikuka, lile sufuria la umeme la kupikia wali. Ate kwa mbwembwe zake akakipamba kile kipande cha gurudumu kilichoandikwa raisikuka kwa taa za Krismasi, boksi la betri kalibandika nyuma yake palepale kwa gundi ya karatasi. Mkishaelewa hapo mmeelewa yote.

Kwanza tukacheza Hep Hep Hooray, hep hep unapiga makofi chini, hooray mikono juu, ukichanganya unatoka. Mimi wa Tanga nimeshinda raundi moja, nadhani kwa sababu nilikuwa na njaa. Ukishinda unazungusha, ila kabla hujazungusha uhojiwe maisha yako mpaka ulie, ndo utaratibu wa tivii, halafu unavikwa jaketi kama anavyogawa Willie. Jaketi lilikuwa moja, la Ate mwenyewe, ukimaliza unavua anavaa mwenzio. Nikamtaja bibi yangu, ukumbi mzima ukalia, na bibi mzima kabisa yuko Pongwe anagombana na majirani.

Tatizo, kila aliyezungusha alipata TABO, lile kopo la plastiki lenye mkono la kujimwagia maji bafuni. Wa kwanza tukacheka. Wa pili tukacheka. Baadae watu wameanza kununa, makopo yenyewe yameisha, Ate anaandika kwenye karatasi nani anadaiwa kopo. Kuya akainama akachungulia nyuma, akasema ni betri, upande wa raisikuka mzito unashuka chini kila mara, na mshale wa kuonyesha zawadi uko juu, na kilichoangaliana na raisikuka ni nini? Kopo.

Ate akasema taa hazitoki, zimependeza.

Zamu yangu nikasema hili dude dawa yake nguvu. Nikalivuta kwa mikono miwili na jaketi langu la kuazima, likanguruma kama feni ya daladala, mara puu, boksi la betri limechomoka limepita juu ya vichwa likatua kwenye sinia la pansiti, zile tambi zao, tambi hadi kwenye pazia, na kandambili nayo imeruka haijulikani ilikoenda. Gurudumu bila kandambili halisimami! Tumesimama tunalitazama, mtu kaenda chooni karudi bado linazunguka. Likaja kutulia taratiiibu kwenye RAISIKUKA. Nimeruka, nimepiga vigelegele, nimemkumbatia Kuya.

Ate akanyoosha kidole, haihesabiki, kifaa kimeharibika mchezo ukiendelea. Nikaandikwa kopo.

Kuya akafunga kipande kingine cha kandambili, na aliyefuata alikuwa supavaiza, hakuleta chakula, hakulia, hata jaketi hakuvaa maana halimtoshi. Akasukuma kwa kidole kimoja huku anaangalia simu. Raisikuka. Na huyo bwana anakula kantini siku zote, hata sufuria hana.