Feni ya Bafuni Inanipikia Omena

Leo asubuhi nimetoka kuoga nikinuka omena. Kwangu hatujapika omena mwezi huu. Ni feni.

Mimi ni mtu wa heshima zake. Kazini naitwa mzee hata na walionizidi umri. Lakini leo kwenye matatu mama aliyekaa kando yangu amefungua dirisha, na Julai ya Nairobi mnaijua. Mtu hafungui dirisha Julai ila amezidiwa.

Chanzo ni kuvu. Dirisha la bafu letu linatazamana na jikoni la ploti ya pili, futi tatu hivi, si mnajua hawa watu wanavyojenga. Mvuke hauna pa kwenda. Dari ikaota madoa meusi, landilodi akasema paka rangi. Nikapaka. Wiki mbili tu, kuvu ikatokea juu ya rangi mpya, imenona kuliko ya kwanza.

Basi nikashuka Luthuli, nikanunua feni ya kuvuta hewa, inchi 6. Kuinunua, nusu saa. Kupata mtu wa kuiweka, mwezi mzima. Fundi wa kwanza alichukua elfu moja ya vifaa, na simu yake hadi leo haipatikani. Wa pili alikuwa wa mabomba, akaniambia maji na stima ni ndugu. Nikamshukuru, nikafunga mlango.

Wa tatu alisema atafika saa tatu asubuhi. Saa tano nikampigia. "Mzee, niko hapa tu kwa steji, nakata kona." Nyuma yake makanga anaita Kitengela, Kitengela, wawili twende. Mimi nakaa Zimmerman. Saa tisa ndipo akabisha hodi, mkoba mgongoni, nikasema angalau huyu amekuja na vyombo. Mkoba ulikuwa na testa, tepu nyeusi nusu, na suruali.

"Leseni ya EPRA unayo?" Niliuliza kwa sauti yangu ya ofisini, maana hiyo ndiyo mamlaka ya kawi, na sheria inamtaka fundi wa stima awe na leseni yake. Akatoa simu, akanionyesha picha: yeye, amesimama kando ya transfoma, kidole gumba juu.

"Mzee, ngazi iko?" Haikuwepo, nikampa stuli. "Drili?" Nikaenda kuomba kwa jirani ambaye hatujasalimiana tangu yale mambo ya kamba ya nguo. "Nyundo? Patasi?" Kufikia saa kumi nilikuwa nimeomba ploti nzima, na fundi yuko kwenye kochi langu, mandazi la tatu, anauliza kama kwetu chai hatutii tangawizi.

Ikafika zamu ya shimo. Aliingia jikoni, akatoka na sufuria ya ugali, akaibandika ukutani, akaizungushia penseli ya mtoto. Nikamwambia, fundi, feni ni inchi 6, hiyo sufuria inalisha watu saba. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, shimo kubwa linazibika. Shimo dogo ndilo shida." Nikakubali! Yalisikika kama maneno ya mtu aliyesoma.

Nikamwomba azime meni swichi kwanza. "Hakuna haja, mimi na stima tunajuana." Dakika mbili hivi, wakajuana. Mlio, giza nyumba nzima, stuli kule, na fundi ameketi ndani ya beseni la nguo zilizolowekwa. Mama watoto akaja na tochi ya simu. Akanimulika mimi, si yeye.

Pengo la sufuria alilijaza magazeti na simiti. Mpaka sasa ukiwa unaoga unaweza kusoma nusu ya matokeo ya mpira. Feni akaiunganisha na swichi ya taa. Akawasha. Ikanguruma kama kinu cha posho, upepo ukanipiga usoni.

"Fundi, hii si inafaa kuvuta?"

"Inavuta, mzee."

"Inavuta kutoka nje!"

Ubavuni mwa feni pana mshale unaoonyesha hewa inaelekea wapi. Ulikuwa umenilenga kifuani. "Huo ni wa kampuni tu," akasema. "Tena bafu linataka hewa safi." Safi! Futi tatu kutoka kwa karai la watu!

Nikamlipa. Msiniulize. Ilikuwa saa moja jioni, hana nauli, na drili ilikuwa irudi kabla mwenyewe hajalala. Nikafuliza, deni la M-Pesa. Tangu hapo nimempigia mara kumi na moja aje aigeuze. Yuko kwa steji.

Kwa hivyo ukiwasha taa, unapikiwa. Ukizima, unaoga gizani, na juzi nimejisugua kichwa kizima kwa sabuni ya vyombo. Msimamizi wa ploti naye ameliona shimo kwa nje, anasema diposti niisahau.

Yule mama wa ng'ambo simjui hata sura, lakini ratiba yake naijua. Jumatatu omena, anakaanga mapema kabla hajaenda kazini. Jumatano matumbo. Nyama ni tarehe 1 hadi 5, basi. Watu kama sisi. Sasa Alhamisi iliyopita, tarehe 16, nimewasha taa nitafute taulo, nikapigwa na kuku. Kienyeji, wa kuchemshwa kwanza halafu akakaangwa, na dhania. Tarehe 16! Nikasimama pale povu masikioni, napiga hesabu: mshahara bado, Krismasi iko mbali, na wageni wangekuja tungesikia. Nikamwita mama watoto aje anuse. Akanusa, akafumba macho, akasema kuna na hoho. Tulikaa humo dakika kumi, taa inawaka, tokeni zinaliwa, na hakuna aliyetaja fundi.