Boti ya Shemeji Haiozi

Jamani, mwenye boti hata akikaa Muscat ataitwa mwenye boti. Mimi ninayelala nayo uani hapa Kunduchi naitwa mlinzi, tena mlinzi asiye na mshahara wala tochi.

Shemeji yangu, kaka yake Mama Rehema, alipopata kazi Omani aliniachia jogoo asiyejua saa na boti ya faiba ya futi 25. Jogoo tulimmaliza Idi. Boti ipo. Imelala ubavu kati ya karo la kufulia na choo, na anayebanwa usiku lazima apite kiupandeupande huku akiitukana kimoyomoyo. "Nitakuja kuichukua, shemeji, we iangalie tu," aliniambia uwanja wa ndege. Basi naiangalia. Dirisha la chumba changu halioni kitu kingine.

Siku inanunuliwa mtaa mzima ulijaa. Muuzaji akaipigapiga kifuani akasema: hii haiozi, hailiwi na mchwa, haitaki kalafati ya kuziba mianya. Watu makofi. Hata shehe aliyekuja kuiombea dua hakuuliza: na ikishakufa, huyu marehemu anazikwa wapi?

Vyombo vya zamani vilijua kufa kwa adabu. Mashua ikichoka, mafundi waliitengua taratibu. Msumari ulionyooka unarudi kazini, mlingoti unakuwa nguzo ya banda, mataruma na mabaki ya mbao yanaingia jikoni chini ya sufuria ya samaki. Baada ya muda ukiuliza iko wapi, imeshaliwa na moto, mchwa na bahari, kila mmoja na fungu lake. Siku hizi ndiyo imekuwa dhahabu kabisa. Zanzibar na Lamu, mbao za jahazi kuukuu zinageuzwa meza, vitanda na fremu za vioo vya hoteli. Ubao umepigwa chumvi miaka mingi, umejaa matundu ya misumari, rangi imebanduka, na mtalii anaupapasa macho yamelegea. Nikamwita fundi seremala haraka. Akaizunguka boti, akaigonga kwa kidole, akaniangalia kwa huruma. "Mzee, ungekuwa na jahazi bovu la mvule ningekulipa leo hii. Sasa hii faiba nikutengenezee nini, beseni?"

Wakaja vijana wa chuma chakavu na mkokoteni wao. Hawa nikawapenda, kwa sababu waliingia na spana, hawakuingia na maneno. Injini shemeji alishaiuza kabla ya kusafiri, maana hilo hakulisahau. Wao waling'oa betri iliyokufa, propela, bolti, nati, vishikio vya kufungia kamba, hata kibao cha bati chenye namba ya boti. Wakapima, wakanilipa, wakashika mkokoteni wanaondoka. Nikawauliza, wanangu, na hii yenyewe? Mkubwa wao akanijibu kwa heshima zote: "Shikamoo mzee, mzani wetu unasoma chuma."

Nikasema nitaichoma moto. Jirani yangu mzee mstaafu wa bandari akanizuia mbio mbio, kikoi kinataka kumdondoka. Akanipa somo nikiwa nimeshika kiberiti. Faiba, anasema, ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa na gundi. Plastiki ya ndoo unaiyeyusha ukatengeneza ndoo nyingine. Gundi hii ikishakauka haiyeyuki tena mpaka kiama. Ukiichoma inatoa moshi mweusi wenye sumu, mtaa mzima unakohoa, na ukimaliza kukohoa nyuzi za kioo bado zipo zinakungoja chini.

Basi tukate vipande. Fundi akaja na grenda, hana barakoa, kajifunga kanga ya mkewe puani. Alikata hatua mbili tu. Vumbi lile halionekani likituama, lakini utalijua. Lilitua kwenye nguo za Mama Rehema zilizoanikwa, likatua kwenye mkeka, likatua kwenye kanzu yangu ya Ijumaa. Msikitini nilijikuna hotuba nzima mpaka jirani wa safu akasogea, na kutoka nje mzee mmoja akanivuta pembeni kuniambia upele siku hizi una dawa. Fundi alichukua hela ya siku nzima, akasema iliyobaki ni ya kujitibu.

Halafu bwana afya. Mvua za masika ziliifanya boti kuwa bwawa, na viluwiluwi wakaogelea humo wakiwa na uhakika wa maisha kuliko mimi. Bwana afya akachungulia, akanikumbusha dengi ya 2014 na ile ya 2019 ilivyolaza watu Dar, akaniambia mbu wake anapenda maji masafi yaliyotuama, na hapa amejengewa nyumba ya ghorofa. Mzee, toboa. Nikatoboa. Sasa kila mvuvi anayekuja kuitazama kitu cha kwanza anaingiza kidole kwenye tundu. "Mbona imetoboka?" Namwambia ni amri ya afya. "Na injini iko wapi?" Namwambia Muscat. Anaaga.

Nikamrudia mstaafu. Mtu kafanya kazi bandarini maisha yake yote, lazima anajua vyombo vinatupwa wapi. Akavuta kiti, na hapo nikajua chai itaisha. Akaniambia ipo sheria ya dunia nzima kuhusu kuondoa mabaki ya meli, na imeandikwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2007 mataifa yalikutana yakapitisha mkataba, ukaanza kufanya kazi 2015, na unaitwa Mkataba wa Nairobi. Nairobi! Mji ambao mtu akitaka kuona mawimbi anapanda treni mpaka Mombasa. Nikasema sawa, mkataba unasemaje? Unasema meli ikizama au ikikwama mahali pa hatari, mwenye meli aiondoe kwa gharama zake, na meli yenye ujazo wa tani 300 kwenda juu lazima iwe na bima ya gharama hizo. Nikafurahi, nikaona shemeji kapatikana. Mzee akanikata: "Hii yako ina tani 300?" Haifiki hata tano. "Tena imekwama wapi, baharini?" Imekwama njia ya choo. "Basi mataifa hayakukufikiria."

Kumbe kwenye mambo haya mkubwa ndiye anayehangaikiwa. Meli kubwa ikizeeka inagombaniwa na wanunuzi. Inapelekwa Alang kule India au Chittagong, Bangladesh, inasubiri maji yajae, inapandishwa ufukweni kwa nguvu ya injini zake yenyewe, na watu wanaivamia kuikata. Kazi ya hatari, wengi wamefia humo, lakini chuma kinalipa. Ya shemeji yangu hata ukiipandisha juu ya meza ya mnunuzi, atakachouliza ni nani wa kuishusha.

Binti yangu Rehema, maana siku hizi elimu ipo kwenye simu, akasema baba, Ufaransa wana utaratibu. Tangu 2019, mwenye boti ya starehe iliyochakaa anaipeleka kituoni, inavunjwavunjwa bure, na gharama zinatokana na mchango wa wanaoingiza boti mpya sokoni. Nikamwambia hilo ndilo jambo la akili: anayekuuzia harusi achangie na matanga. Akaendelea kusoma. Usafiri mpaka kituoni ni juu ya mwenye boti. Ahaa! Kumbe hata Mfaransa analia na kirikuu. Mimi wa kwangu wa kirikuu alipima boti kwa hatua, akapima gari lake kwa macho, akataja bei ambayo ningeongeza kidogo nikapata ng'ombe. Na dampo nako, akanionya, boti nzima wanaweza kuikataa, ikate kwanza. Nikamwonyesha mikono yangu ilivyochubuka kwa kujikuna.

Rehema hakukoma. Ujerumani, anasema, faiba chakavu inasagwa na kutiwa kwenye tanuri la saruji. Gundi inawaka inakuwa kuni, kioo kinaingia kwenye saruji yenyewe. Sasa mimi nikisimama uani nakiona kilima cha Wazo na kiwanda chake cha saruji pale. Nimekiona miaka yote. Ila mtu wa ndala kwenda getini kwenye kiwanda kumwambia mlinzi nimeleta boti mchanganye kwenye saruji, hapana, nina familia.

Lamu ndio walionikata maini kabisa. Mwaka 2018 wameshusha majini jahazi dogo lililotengenezwa kwa takataka za plastiki, tani 10, likavikwa kandambili 30,000 zilizookotwa fukweni, na mwaka uliofuata likapiga tanga mpaka Zanzibar. Yaani wenzetu wamechukua taka wakatengeneza chombo. Shemeji yangu kachukua chombo akatengeneza taka.

Na msidhani niko peke yangu. Serikali inawakopesha wavuvi boti za faiba, jambo jema, za mbao zinavuja na miti mikubwa imekwisha. Mie nauliza tu, wakati bado ni mpya na zina utepe: watoto wetu watapita njia gani kwenda chooni?

Aliyenisaidia mwishoni ni kijana muuza chipsi wa pale kona. Alitaka kibanda cha kuvutia wateja, akaja na rafiki zake wamejifunga vitambaa usoni na miwani ya kuchomelea, wakamwagia maji huku wanakata ili vumbi lisiruke. Wakachukua nusu ya mbele. Pua ya boti ndiyo kaunta sasa, imepakwa rangi nyekundu na kuandikwa NAHODHA CHIPSI, na kila mwisho wa mwezi ananilipa kodi kidogo. Nusu ya nyuma nimebaki nayo. Mama Rehema kaijaza udongo na samadi, kapanda mchicha, na lile tundu la bwana afya linatoa maji vizuri sana.

Juzi shemeji katuma ujumbe wa sauti kutoka Muscat, anaomba picha ya boti yake. Mama Rehema kaenda upande wa tezi, yaani nyuma ya boti, kainama, kapiga picha moja ambayo mchicha hauonekani, akaituma. Jibu likaja mara moja: "Mashallah, naona shemeji kaitunza. Desemba natua, tuishushe majini. Hebu piga na upande wa pua nione."

Mama Rehema kamjibu kwamba simu inaisha chaji. Huyo ni kaka yake, watamalizana wenyewe. Mie niko hapa kaunta kwa Nahodha, nimeagiza chipsi mayai, na bili nimemwambia aikate kwenye kodi ya pua.