Iringa madaktari bingwa wanatafutwa, tabibu wa mtaani hamumuoni?

Mtu akihamia Iringa anaulizia nyumba, shule, sehemu yenye maji ya uhakika. Daktari anakumbukwa usiku mtoto anachemka, ndo watu wanaanza kuulizana kwenye grupu la WhatsApp "jamani nani daktari mzuri hapa mjini", na majina yote yanayotajwa ni ya mabingwa tu.

Mi hapo ndo sikubaliani na watu. Kama baba ana presha, bibi ana sukari na mtoto kila baridi ikianza anakohoa, hamhitaji mabingwa watatu, mnahitaji mtu mmoja anayewajua wote kwa sura. Kuna fani kabisa ya udaktari wa familia, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, Kenya, wanaifundisha tangu 2005 na Chuo Kikuu cha Aga Khan Dar nao wanayo, ila ukisema umsubiri wa hivyo afungue ofisi Kihesa hapa mjini utasubiri sana.

Aliyepo ni tabibu wa zahanati au kituo cha afya, yule mwenye diploma ya miaka 3 ambaye watu wanamdharau eti sio daktari. Kumbe nimonia na UTI za mtaa mzima zimepita mezani kwake na anajua nani dawa humaliza na nani huacha akipata nafuu. Hospitali kubwa unakutana na wa zamu, kesho mwingine, kila siku unahadithia upya, mama yangu kuna mahali alibadilishiwa dawa za presha na hakuna aliyemuuliza zile za mwanzo zilimfanyaje.

Kumpata mzuri ulizia manesi wa kliniki ya watoto, hao wanajua nani anasikiliza na nani kalamu inaandika kabla hujakaa vizuri. Hata muuza duka la dawa anajua maana vyeti vya wote vinapita kwake, anajua nani mafua tu anaandika antibayotiki. Mi kipimo changu ni siku atakayosema "hili limenizidi, nakuandikia rufaa", akiweza kusema hivyo bila aibu basi huyo mshike. Na yale madaftari ya kliniki msiyafanye ya kuwashia jiko, ndo historia yenu hiyo.

Kinachoniudhi ni uhamisho, yaani mmeshazoeana unasikia kapelekwa wilaya nyingine, unaanza moja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 watu wanaijadili kwa bei ya kadi tu, sawa, hela ni hela, lakini kadi yenyewe nitampelekea nani? Mi ningetaka kila kaya iandikishwe kituo kimoja na tabibu akae pale miaka kadhaa, akihama akabidhi mafaili kwa anayekuja, amwambie na yule bibi wa sukari anayedanganya kwamba chai hatii sukari.