Siku moja visiwani, eti mapumziko

Jamani mi kuna mtu namtafuta, yule baba wa kwenye matangazo ya safari za visiwani. Mnamjua tu, hakuna tangazo asilokuwepo: kavaa shati jeupe halijafungwa vifungo, kakunja suruali, yuko na mke na mtoto wanakimbia ufukweni wanacheka na mikono yake yote miwili iko hewani. Hewani! Una mtoto mdogo, uko ufukweni, huna begi, huna taulo, huna chupa ya maji, huna hata kandambili za mtu, aisee hiyo familia gani? Nataka aniambie tu mizigo kamwachia nani, na huyo aliyeachiwa analipwa shilingi ngapi, basi, sina ugomvi naye.

Maana kwetu iliposemwa safari ya siku moja mi nilielewa siku moja, mama watoto akaelewa tunahama. Begi la taulo. Begi la nguo za kubadilisha, na ndani yake mfuko wa nguo za kubadilisha zile za kubadilisha. Deli la barafu, mwavuli, ndoo na vibeleshi vya plastiki vya kuchezea mchanga, na boya lenye shingo ya bata ambalo lilishajazwa upepo nyumbani, nikauliza limejaziwa nini nyumbani nikaambiwa mtoto alitaka kuona kama linajaa. Limejaa bwana. Kwenye gari bata kapata siti ya dirishani, mi nimepakata deli. Mwenye akili pale alikuwa mama mkwe peke yake, kaja na mkoba mdogo wa miwani na leso, kaulizwa mama huna mzigo mwingine? Akasema mzigo wa nini wanangu, si tunarudi jioni. Hapo nilitaka kumkumbatia ila heshima.

Boti tuliambiwa saa moja na nusu kamili, asiyefika anaachwa. Mi nikawaamsha watu gizani, tukagombana kidogo, tukafika mapema tumenuniana. Kuna familia imekuja saa mbili na ushee inatembea taratibu kabisa, nahodha kawapokea kwa tabasamu, karibuni sana karibuni. Kumbe wa kuachwa ni sisi tunaowahi, tunaachwa tukae juani.

Halafu majaketi ya kuokolea. Ya watoto yanafungwa vizuri, ya kwangu kijana wa boti kavuta mkanda, kaliangalia tumbo, kavuta tena, akaniambia kwa adabu zote, "Mzee, tukiwa njiani jitahidi usipumue sana."

Binti yangu mkubwa yuko kwenye ule umri wa kujua kila kitu. Boti ilivyoanza kuruka mawimbi akaanza kutupa darasa la kichefuchefu, kwamba sikio la ndani linahisi boti inayumba, macho ukiyainamisha yanaona kila kitu kimetulia, ubongo unaletewa taarifa mbili zinazobishana na tumbo ndo linalipa, kwa hiyo ukae katikati ya boti na utazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Elimu nzuri, tatizo alikuwa anaisoma kwenye simu. Katikati ya sentensi akanikabidhi simu na kuomba mfuko.

Sasa tumefika kisiwa cha kwanza, bahari haipo.

Sitanii. Kwenye tangazo maji ya bluu yamefika mpaka kwenye minazi, sisi tumefika maji yamekupwa, boti imegota huko mbali na nahodha anatuambia wazee hapa tunashuka. Tunashuka wapi, mbona ufukwe uko kule? Akasema si mbali. Basi nimetembea kwenye maji ya magoti, deli kichwani, begi mgongoni, kitinda mimba shingoni kakumbatia bata lake, na mkono uliobaki namshika mama mkwe asiteleze kwenye majani ya baharini, huku chini kuna vile vidude vyeusi vya miiba mirefu inabidi uvikwepe na huvioni kwa sababu ya bata. Nikamuuliza nahodha maji yanarudi lini, akajibu bila hata kunitazama kwamba mwezi ni mpevu, hili ni bamvua, likitoka linatoka kweli na likijaa linajaa kweli, subiri kama masaa sita hivi. Masaa sita! Na saa tisa boti inatugeuza. Binti akadakia kutoka nyuma kwamba kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake kwa sababu mwezi nao unasogea. Kwa hiyo mwezi una ruhusa ya kuchelewa, ile familia ya saa mbili ina ruhusa ya kuchelewa, wa kuwahi ni mimi. Na kama haya mambo yanajulikana mpaka dakika, kwenye tiketi wangeandika hata kwa maandishi madogo, mteja, bahari itakuwepo kuanzia saa fulani.

Tukaja kwenye mafuta ya kuzuia jua. Ilitakiwa tupakane kabla hatujatoka, nusu saa hivi ngozi iyazoee, lakini tyubu ilikuwa chini kabisa ya begi la chini. Tunaitafuta huku watoto wameshajitupa mchangani, wamelowa, wamegaragara. Sasa mtoto aliyelowa mchanga ukianza kumpaka mafuta hapo humpaki, unampiga msasa. Analia huyu, anakimbia yule, unamkamata mguu anateleza. Ukimaliza wa tatu, wa kwanza kashaingia kwenye maji, na tyubu imeandikwa rudia kila baada ya saa mbili, yaani hesabu ukiipiga vizuri hii kazi haina mwisho. Nikasema basi leo mawingu, tuache. Binti akasema mawinguni mionzi mingi inapita tu. Halafu akanyakua tyubu, akasoma nyuma, akashtuka: baba, hii ina oksibenzoni, ile kemikali ya kuzuia jua! Visiwa vya Palau wameyakataza mafuta ya hivi tangu 2020, na Hawaii tangu 2021 hayauzwi, yanaumiza matumbawe! Mi natazama tyubu, nusu iko mwilini kwa watoto, nusu iko kwenye mchanga, nauliza sasa tufanyeje? Akasema ya kufaa ni yale ya zinki. Zinki naitoa wapi kisiwani? Wale watakaovaa fulana za mikono mirefu wavae, tukamaliza hivyo. Mgongo wangu mimi hakuna aliyeuulizia, muuweke akilini huo mgongo.

Mama watoto yeye alikuwa keshapata mchanga mweupe wa kupigia picha. Kaumwaga mkononi, kaupulizia kamera, kajilaza, kajipaka mpaka shavuni, na mi ndo mpiga picha, nimepiga goti kwenye jua, "Tena hiyo umenikata miguu." Tukiwa hapo binti akaona atusaidie na sayansi. Mama unajua mchanga mweupe wa visiwa vya matumbawe mwingi ni kinyesi cha pono? Anatafuna matumbawe yaliyokufa atafute mwani, anasaga na meno, yanatoka nyuma mchanga, pono mmoja mkubwa kwa mwaka anatoa kilo mia kadhaa. Kimya. Mama watoto kafuta shavu taratibu. Mi nikaona huyu samaki kaonewa miaka yote, mtu akilala hata simu haisikii tunasema kalala usingizi wa pono, kumbe mwenzetu anajenga fukwe za dunia nzima na hakuna anayempigia makofi. Najua hisia zake.

Kuzamia kidogo nilifurahi, siwezi kudanganya. Walitoa miwani na lile bomba la kupumulia, bomba limeng'atwang'atwa na watu kabla yako na huulizi akina nani, unaweka mdomoni tu na imani. Ila mimi nina masharubu, na miwani ile haielewani na masharubu, maji yanapenya chini ya pua kidogo kidogo, kwa hiyo kila samaki mzuri akipita mi natazama usawa wa maji ndani ya miwani umefika wapi. Nikamuona mmoja wa mistari ya njano, nikakaa nimeelea namtazama, kimya, hakuna anayeniita baba naomba juisi, nikasema hapa hapa, mimi sitoki. Nilielea sana. Kifudifudi. Mgongo juu.

Programu ilisema visiwa vitatu na fungu moja la mchanga kwa siku, mtu ukisoma unaona umepata faida. Sasa ondoa kupanda boti, kushuka boti, kutafuta kandambili moja, kuhesabu watoto, kurudia mafuta, kisiwa cha pili tulikitazama tu. Cha tatu nilimsikia mtu akisema tulishafika. Na kila tunapotia nanga kuna boti nyingine nyingi zimeshatia nanga, watu wamejaa wanapiga picha za upweke, mtu anamwambia mwenzake sogea kidogo nionekane niko peke yangu. Visiwa vyenyewe vinachoka jamani. Thailand walifunga ghuba ya Maya mwaka 2018, watu walikuwa wanafika mpaka 5,000 kwa siku, matumbawe yakawa taabani, wakaja kuifungua 2022. Ufilipino nao mwaka huohuo 2018 wakafunga kisiwa kizima cha Boracay miezi sita, watalii hamna, kisiwa kinapumzika kwa amri ya serikali. Nilivyosikia hiyo habari sikufikiria mazingira, nilifikiria mimi. Baba naye afungwe miezi sita. Liwekwe na bango pale mlangoni, haruhusiwi mgeni.

Jioni kupakia mizigo kurudi nikategemea begi jepesi, maana chakula kimeliwa na maji yamenyweka. Limekuwa zito kuliko asubuhi. Nafungua nakuta taulo zimelowa, nusu ndoo ya mchanga, mawe ya kitinda mimba ambayo kila moja lina jina, na makombe mfuko mzima. Binti kuyaona makombe akasimama mbele ya begi, haondoki, haya ni nyumba za wale kaa wanaohamahama, tukiyabeba watakosa pa kukaa. Moja kweli likatembea. Basi nani ametumwa kurudi na makombe ufukweni, na bahari ndo imejaa sasa hivi mpaka kwenye minazi, bluu kama ya tangazo, na boti inapiga honi.

Njiani wote walilala isipokuwa mimi na mama mkwe. Nilianza kuhisi mabega yanawaka, nikadhani ni mikanda ya begi, nikavua begi, yakaendelea. Mgongo mzima ulikuwa umeiva, kuanzia shingoni mpaka ukingo wa kaptula, ila katikati ya mabega kuna weupe wa mkono wa mtoto, mahali kitinda mimba aliponishika na kiganja chenye mafuta.

Nyumbani nimelalia tumbo sebuleni, mama watoto ananipaka kitu cha baridi, mama mkwe akasema wanangu mimi leo nimepumzika jamani, miaka mingi sijapumzika hivi, hii siku moja ni ndogo mwakani twende hata tatu. Watoto wakaruka. Mama watoto akasema tupige kura tusije kusema mtu kalazimishwa, wanaokubali mikono juu, ikanyooka yote. Wanaokataa mikono juu. Nilijaribu kuunyanyua, wallahi nilijaribu, bega likagoma hapo hapo kwenye usawa wa sikio. Mama mkwe akatazama huku na huku, akasema haya, naona hakuna.