Mjomba Hakuwa na Gitaa

Aprili 2025 nilikwenda Durham, hapa North Carolina ninakoishi, kuwaona Carolina Chocolate Drops, bendi ya wanamuziki weusi wa muziki wa zamani wa nyuzi, wakipiga pamoja tena. Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson walianza wakiwa vijana mwaka 2005, wakapata tuzo ya muziki ya Grammy mwaka 2011, kisha kila mmoja akashika njia yake. Miaka 20 baada ya kuanza, wamesimama tena na fidla, banjo na gitaa, na watu ukumbini wanapiga kelele kama timu imefunga bao dakika ya tisini. Mimi nilikuwa nalia. Nilikuwa namlilia mjomba wangu wa Ngamiani, Tanga, na nitaeleza kwa nini.

Vijana wale watatu muziki wao waliukuta kwa mzee mmoja. Joe Thompson alizaliwa mwaka 1918, akaishi Mebane, kama nusu saa kwa gari kutoka Durham. Alikuwa mpiga fidla mweusi, akifanya kazi kwenye kiwanda cha samani. Tangu utotoni aliipiga fidla hiyo kwenye dansi za vijijini baada ya watu kumaliza kumenya mahindi, na binamu yake Odell akipiga banjo. Wakati huo muziki wa nyuzi ulikuwa wa weusi na weupe pia. Banjo yenyewe ni mtoto wa Afrika Magharibi: kibuyu, ngozi na nyuzi, iliyovuka bahari pamoja na waliouzwa. Lakini kampuni za sahani za santuri za miaka ya 1920 ziligawa soko, bluzi wakawauzia weusi, fidla wakawauzia weupe, na baada ya miaka mingi hata watoto wa weusi wakaamini kwamba fidla haikuwa yao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Joe na Odell wakaacha kupiga. Dansi zilikwisha, redio ikaja na mambo mengine. Mpaka miaka ya 1970, mtafiti kijana aitwaye Kip Lornell alipobisha hodi na kuwauliza kama bado wanakumbuka. Walikumbuka. Wakaziteremsha ala zao, wakaanza upya wakiwa watu wazima wenye mvi, na mwaka 1990 wakapiga Carnegie Hall, ukumbi maarufu wa New York. Odell alifariki mwaka 1994. Joe akapata kiharusi mwaka 2001 na bado akarudi kwenye fidla, kiasi kwamba mwaka 2005 wale vijana walikuwa wanaendesha gari kila Alhamisi jioni kwenda kukaa naye sebuleni, kupiga naye nyimbo zilezile mpaka mikono yao ikazijua. Alifariki mwaka 2012, na miaka 93 yake.

Wabongo wenzangu wa huku ninapowasimulia haya hujibu haraka: ndiyo hivyo, wenzetu wanathamini wazee, sisi kwetu mwanamuziki akizeeka tunamtupa. Mimi sikubali. Joe naye alisahauliwa karibu miaka thelathini. Na kwa mapenzi ya watu, kwetu tuko mbele. Msondo Ngoma, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, na Sikinde ya mwaka 1978, hizo ni bendi ambazo watu wamezicheza, mama, baba na watoto wao, jasho likiwatoka. Huku nimelipa pesa nyingi nikakaa kitini bila kucheza kana kwamba niko kwenye kikao cha shule, wakati muziki wa Joe ulikuwa wa kuchezwa, tena na mtu wa kuwatajia wachezaji mizunguko ya kucheza. Nilitamani kusimama. Aliyekaa nyuma yangu angelalamika.

Tofauti ninayoiona mimi ni ndogo, na inaniuma zaidi kwa udogo wake. Kip Lornell alipobisha hodi, ala zilikuwa ndani ya nyumba. Fidla ilikuwa ya Joe. Haikutaka umeme wala mwajiri, hata spika haikuitaka.

Mjomba alipiga gitaa la rithim. Tanga ya wakati wake ilikuwa Tanga ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na bendi yake ndogo ilikuwa na pahala pake wikiendi. Lakini bendi zetu nyingi zilikuwa za wenyewe: chama cha wafanyakazi, shirika, polisi, jeshi, au mfanyabiashara mwenye baa. Mwenye bendi ndiye mwenye vyombo. Mwanamuziki akigombana naye, au akistaafu, anaondoka na mikono yake tu. Mjomba aliondoka hivyohivyo. Nyimbo walizorekodi redioni hakupewa hata kaseti moja, na nakumbuka alivyokuwa anakaa karibu na redio Jumapili akisubiri zilipendwa, labda leo watapiga wimbo wake.

Mwaka 2016 alifariki, nikapanda ndege. Msibani, nje chini ya turubai, walikuja wenzake wanne wa bendi. Ulikuwa mwaka wa ngapi hawajakaa pamoja? Hawakujua wenyewe. Usiku, baada ya dua, wakaanza kusemezana: ile ya Pangani ilianzaje? Mpiga besi akaiimba midomo imefumbwa. Mpiga solo, mzee wa miaka sabini na kitu, alishika bakora yake kama shingo ya gitaa na vidole vya kushoto vikawa vinatembea juu ya mti, kwa usahihi, bila kukosea fungu. Hapakuwa na sauti yoyote. Nilimwuliza, babu, mara ya mwisho umeshika gitaa lini? Akasema, mwanangu, tangu nilipolikabidhi.

Tuliwahi kulijibu jambo hili mara moja, na likajibika. Shikamoo Jazz, Dar es Salaam, miaka ya 1990: wanamuziki wastaafu walikusanywa kwa msaada wa HelpAge, shirika la kuhudumia wazee, wakapata vyombo, na wakongwe wakina Salim Zahoro wakarudi jukwaani. Mwaka 1995 walikuwa Uingereza wakipiga pamoja na Bi Kidude wa Zanzibar na Fundi Konde, mwanamuziki mkongwe wa Kenya. Watu wale walikuwepo mitaani siku zote. Walichokosa kilikuwa magitaa na spika.

Kwa hiyo nawaomba wanaotuma makontena nyumbani, sisi wa Marekani, Uingereza na Oman, tunaojaza majokofu na televisheni: wekeni gitaa. Gitaa kavu, lisilohitaji umeme, hapa la mtumba halifiki dola mia. Ulizeni mtaani kwenu nani alikuwa anapiga.

Mimi nilituma mawili baada ya usiku wa Durham. Katika wale wanne wamebaki wawili, mpiga solo na mpiga besi. Wanakutana barazani kwa mpiga solo baada ya alasiri, na mjukuu wake wa kidato cha pili ameanza kushika rithim ya mjomba. Wiki iliyopita mzee alinipigia simu kunilaumu: nyuzi nilizoweka ni nene mno, hazipindi. Nimeshanunua nyepesi. Zinaondoka Ijumaa na mtu anayekwenda Dar.